Sumuni ya Fedha

Wasikilizaji, neno fedha lina maana mbili: ni madini meupe yang'aayo, na ni mali ya kununulia vitu. Zamani maana hizo mbili zilikaa pamoja mkononi mwa mtu.

Sumuni, asili yake ni Kiarabu, ni sehemu ya nane. Nayo ilikuwa sehemu ya nane ya riale. Riale ilipotoweka, jina halikutoweka, bali lilihamia kwenye senti hamsini.

Kabla ya shilingi, nchi ilitumia rupia ya Kihindi, yenye uzito upatao gramu 11 na nusu, nayo karibu yote ni fedha. Rupia 15 zilikuwa pauni moja. Mwaka 1920 Serikali iliamua ziwe 10 tu, ikaleta na florini, yenye uzito uleule lakini nusu yake fedha. Florini haikukaa, mwaka 1921 ziligongwa shilingi na sumuni, na humo fedha ni robo tu, iliyobaki ni madini duni. Rupia moja ilihesabiwa sawa na sumuni nne. Lakini mtu akiyeyusha rupia moja, angehitaji sumuni kumi na moja kupata fedha kiasi kile! Hesabu hiyo haikutangazwa sokoni.

Jambo zito zaidi lilikuwa mshahara. Aliyepata rupia sita alistahili shilingi kumi na mbili; lakini mwaka 1921 walowezi waliazimu kupunguza mshahara wa Waafrika kwa theluthi, yaani zibaki shilingi nane. Kodi je, nayo ilipunguzwa theluthi? Hapo ndipo manung'uniko yalipozidi, na Harry Thuku akapata watu wengi wa kumsikiliza.

Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianza baadaye kidogo, katika miaka ya 1920, na wachumaji wa huko hawakulipwa rupia bali shilingi na sumuni hizo, zenye simba mbele ya milima. Mwaka 1948 hata ile robo ya fedha iliondolewa.

Basi mtu wa Kericho au Bomet akikuta sumuni katika kopo la babu yake, na atazame mwaka. Ikiwa ni ya kabla ya 1948, ina fedha pungufu kidogo ya gramu moja. Asiisugue kwa majivu wala mchanga. Alama zikifutika, wakusanyaji wa sarafu hupunguza bei.