Mjue Mdudu Unayemfunga

Hotuba ya afisa wa elimu ya watu wazima kwa wahitimu wa kisomo na kikundi cha akina mama wafungaji wa chambo cha manyoya



Leo sikuja na kitabu. Nimekuja na ndoana, uzi na manyoya ya jogoo. Wengi wenu mnaijua kazi hii. Kwa miaka mingi Wakenya wamefunga wadudu wa bandia na kuwauza ng'ambo. Wavuvi huwatumia kumdanganya samaki aitwaye trauti. Samaki huyo si mgeni kabisa kwetu. Mayai yake yaliletwa Kenya mwaka 1905, na leo yuko katika mito ya baridi ya Mlima Kenya na Nyandarua.

Lakini nikiuliza, "Mama, huyu unayemfunga ni mdudu gani?" wengi hunijibu, "Sijui, mwalimu. Nafuata mfano tu." Basi leo tumjue mmoja. Tumwite mdudu wa mawe.

MDUDU MWENYEWE

Wadudu wa mawe ni wa aina nyingi. Wale wakubwa sana wako katika mito ya milimani huko magharibi ya Marekani, kama vile mto Madison na mto Big Hole katika jimbo la Montana. Mdudu huyu akiwa mchanga huishi chini ya mawe, ndani ya maji yanayokwenda kasi. Aina kubwa hukaa humo miaka 3 au 4. Hapendi maji machafu, wala maji ya moto.

Mwezi wa Juni au Julai, wakati wa kiangazi cha huko, hutambaa hadi ukingoni. Hupanda juu ya jiwe au kichaka, ngozi yake hupasuka mgongoni, na hutoka akiwa na mabawa manne. Akitulia, mabawa hayo hulala bapa juu ya mgongo. Baadaye majike hurudi mtoni kutaga mayai. Wengine huangushwa na upepo majini. Hapo trauti hufurahi! Chakula kikubwa kimekuja chenyewe.

JINSI YA KUMFUNGA

1. Bana ndoana kwenye jiliwa. Zungusha uzi kwenda nyuma. Acha nafasi kidogo karibu na tundu la ndoana.

2. Funga mkia mfupi kwa nywele za elk, mnyama mkubwa wa Marekani wa jamii ya kulungu. Nywele zake zina hewa ndani, kwa hiyo huelea.

3. Tengeneza mwili kwa sufu ya manjano. Juu yake zungusha unyoya wa shingo ya jogoo wa rangi ya kahawia. Ukaze kwa waya mwembamba.

4. Funga bawa kwa fungu la nywele za elk. Ncha ziwe sawasawa. Libane kwa vidole unapokaza uzi, lisije likazunguka upande. Bawa lilale juu ya mwili, lisisimame.

5. Tengeneza kifua kwa sufu ya rangi ya chungwa. Kizungushie unyoya wa jogoo mwenye madoa meusi na meupe.

6. Funga kichwa kidogo, piga fundo, tia tone la vanishi. Tazama tundu. Vanishi isilizibe.

KWA NINI HIVI?

Mvuvi husimama chini ya mto na kurusha chambo kuelekea juu, karibu na ukingo, penye vichaka. Kisha hukiacha kije na maji, bila kukivuta. Trauti akiona mdudu anakokotwa, humwacha. Ndiyo sababu chambo lazima kielee vizuri na kukaa wima. Bawa likipinda, kitalala ubavu. Fundo likiwa legevu, samaki wa kwanza atakifumua. Tundu likizibwa, mvuvi hawezi kupitisha uzi wake. Atakaa mtoni akihangaika, na samaki wanaruka mbele yake! Je, mtu huyo atanunua tena?

KISA CHA MAMA YANGU

Sasa niwaambie jambo la nyumbani. Mama yangu alikuwa akifunga chambo hiki, akilipwa kwa dazani. Mikono yake ilikuwa mizuri kuliko yangu. Siku moja alipewa karatasi ya kazi na pakiti mbili za ndoana. Hakujua kusoma. Akamwuliza jirani, naye akamwambia, "Wanataka namba 10." Mama akawaza: kumi ni nyingi kuliko sita. Akachagua pakiti yenye ndoana kubwa.

Kumbe katika ndoana hizi, namba ikipanda, ndoana inapungua! Namba 6 ni kubwa, namba 10 ni ndogo. Alifunga dazani 5, yaani chambo 60, usiku kwa taa ya chemni. Zote zikarudishwa. Hakulipwa hata senti, na gharama ya ndoana ikakatwa katika malipo ya mwezi uliofuata. Karo yangu ya muhula huo ilikosekana. Mama hakulia. Alisema tu, "Karatasi imenishinda."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niwe mwalimu wa watu wazima.

Ninyi mmehitimu kisomo. Karatasi haitawashinda. Kabla ya kugusa uzi, soma karatasi ya kazi mara mbili: namba ya ndoana, rangi, idadi. Soma na pakiti yenyewe. Usipoelewa, uliza, kuuliza si aibu. Ukimaliza, andika katika daftari lako tarehe, dazani ulizopeleka na fedha ulizolipwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari.

Sasa tusogee kwenye meza, tuanze na ile hatua ya kwanza.