Kuzuia Uhalifu wa Ulevi ni Akiba ya Jamii



Ndugu wapendwa, hapa Ugogo tunaifahamu vema miezi ya baada ya mavuno. Mtama na uwele vimo ghalani, mifugo inauzwa mnadani, na vilabu vya pombe hujaa tangu mchana. Ndipo mtu hupigwa fimbo njiani, mke hupigwa mbele ya watoto, na fedha za ng'ombe huibwa mfukoni mwa mlevi. Masika yafikapo, ghala ni tupu na baba yuko gerezani.

Tumezoea kulipa baada ya tendo: hospitali, polisi, mahakama, gereza. Kuzuia, twasema, ni gharama. Lakini mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba, katika nchi za kipato cha chini na zinazozikaribia, kila dola 1 inayotumika kupunguza madhara ya pombe ingerudisha zaidi ya dola 9 ifikapo 2030. Mkulima gani angeikataa mbegu ya namna hiyo?

Wala tusiseme haiwezekani. Tarehe 1 Machi 2017 Serikali ilipiga marufuku viroba, pombe kali ya vifuko iliyouzwa kwa bei ndogo hata kwa watoto. Palipo na nia, njia hupatikana.

Hatusemi haya ili kuhukumu. Bwana wetu aliibariki arusi ya Kana kwa divai, na zabibu za Dodoma zililetwa na wamisionari. Mama anayepika pombe ni mwamini mwenzetu. Ada ya watoto wake hutoka katika mtungi huo. Kumfungia kilabu bila kumwonyesha njia nyingine ni kumsukuma akauze gongo gizani.

Basi tuwekeze wapi? Kwanza, vikundi vyetu vya kuweka na kukopa viwape akina mama hao mtaji wa kazi nyingine. Pili, tuhudhurie mikutano ya kijiji na kudai saa za kuuza pombe zilizowekwa na sheria zifuatwe. Tatu, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iandae watu wawili wa kumsikiliza mlevi na mkewe mapema, kabla damu haijamwagika.

Rambirambi tunazochanga kwa ajili ya aliyeuawa kilabuni, tungezichanga kabla, pengine angekuwa hai. Mungu atujalie hekima ya kutoa mapema. Amina.