Uzio wa Lwiro unaanzia sokoni

(Maneno yetu mbele ya vijana wa Bukavu, kwa kutayarisha matembezi ya Lwiro)



Leo tumewaita juu ya mchezo. Kuko wenye watauliza: na hii hali ya inchi yetu, ni saa ya kucheza? Mtusikilize kwanza, kisha mtatuhukumu.

Mchezo unaitwa jiokashingi. Ulianza Marekani. Tarehe 2 mwezi wa tano mwaka 2000, serikali ya kule iliacha kuvuruga alama za GPS zenye raia walikuwa wanapata, na kila mtu akaanza kuona vizuri pahali alipo. Kesho yake bwana mmoja, Dave Ulmer, alificha ndoo ndani ya pori la Oregon. Akatangaza namba za pahali pale kwenye intaneti, akaomba watu waende kuitafuta. Mwenye kuipata anaandika jina ndani ya kitabu. Akichukua kitu, anaacha kingine. Leo visanduku vya namna ile vimepita milioni 3 duniani. Kuko vyenye vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, mpaka vinakuwa njia. Unavifuata kwa simu, unafikishwa pahali penye wakaaji wanataka uone: daraja la zamani, maporomoko ya maji, ao hifadhi ya wanyama wa inchi yao nyuma ya uzio.

Hifadhi kama hiyo iko hapa kwetu. Iko Lwiro, kule Kabare. Tangu mwaka 2002, ICCN na kituo cha utafiti CRSN wameweka pale kituo cha kutunza wanyama wenye wamenyanganywa wawindaji na wachuuzi. Nyuma ya uzio wa umeme kuko sokwe, wale wengi wetu tunaita shimpanze. Wamepita 100. Kuko na kima wa aina nyingi. Wote ni wa misitu ya Kongo. Na wengi wetu hapa tunajua Lwiro kwa jina tu.

Uzio ule wa nini? Tuseme kweli. Mtoto wa sokwe ananyonya mpaka miaka 4 ao 5, na mama yake hamwachi hata siku moja. Kwa kumkamata yule mtoto, mwindaji anaua mama. Mara nyingi anaua na wengine wa kundi, juu wanakuja kutetea. Nyama inauzwa kivyake, mtoto anauzwa kivyake. Kwa hiyo ukihesabu yatima mmoja wa Lwiro, jua kuko maiti nyuma yake. Na sokwe akitunzwa anaweza kufikisha miaka 50. Mtoto mwenye amefika pale mwaka huu, wajukuu wetu wanaweza kumukuta bado nyuma ya uzio. Kumurudisha msituni si jambo la kufungua mlango tu: sokwe wa msituni wanaweza kuua mgeni, na wale wenye bunduki wangali mule.

Sasa swali: nani alimununua? Mara nyingi mwenye kununua mtoto wa sokwe, eti achezeshe watoto nyumbani, ni mtu wa mji mwenye makuta. Njo maana tunasema uzio wa Lwiro unaanzia sokoni. Na njo maana njia yetu haitaanzia kwenye mlango wa kituo.

Tutaanza Kadutu. Kituo cha kwanza kiko na swali moja: makala ya kupikia kwenu inatoka msitu gani? Uliza kwa heshima. Usimupige mama muuzaji picha, usimufanye kama mwizi. Yeye anatafuta chakula cha watoto, na sisi wote tunakula chenye kupikwa na hiyo makala.

Kituo cha pili ni Miti, pale barabara ya kwenda Kahuzi-Biega inatengana. Hifadhi ile iliundwa mwaka 1970, na ndani ya miaka ile Batwa waliondolewa msituni mwao. Mwaka 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitangaza uamuzi wake: haki zao zilivunjwa. Swali la Miti: mti ukilindwa na mtu akifukuzwa, nani atabaki kuulinda huo mti kesho? Hatutaki vijana wapende sokwe na wasahau jirani yao.

Kituo cha tatu ni Lwiro penyewe, kwanza kwenye majengo ya watafiti yenye yalibaki tangu wakati wa Wabelgiji, kisha kwenye uzio.

Kuko masharti. Tunaomba myashike vizuri.

La kwanza: hakuna sanduku la kuficha. Hata moja. Mkoa huu umepita vita. Kopo chini ya mti linaweza kuonekana kama bomu, na hatuwezi kufundisha watoto kufungua vitu vyenye wamekuta vimefichwa wakati mashamba yangali na gurunedi. Kila kituo kitakuwa na namba za pahali na swali. Jibu unalipata kwa macho na kwa kuuliza wakaaji.

La pili: ruhusa. Chefu wa pale na wakubwa wa kituo watakubali kwanza, ao hatuendi. Hata kule mchezo ulianzia, hauweki kitu kwenye udongo wa mtu bila kumuuliza.

La tatu: mwenye mafua anabaki nyumbani. Ugonjwa wetu unaweza kuua sokwe. Na hakuna kubeba mtoto wa sokwe kwa kupiga selfi. Picha kama hizo ndizo zinawapa wengine hamu ya kununua.

La ine: ukiona mnyama wa porini, usitangaze namba za pahali ulimuona. Mwindaji naye ana simu.

La tano: kila mtu na mfuko wake. Wachezaji wa inchi zingine wanaokota takataka njiani, na sisi tunajua salongo tangu zamani. Tutarudi na mifuko imejaa.

La sita: siku ambayo barabara haiko salama, hakuna anayetoka. Tutafanya kituo cha Kadutu peke yake, na vingine vitangoje. Hakuna mchezo wenye unalipa maisha ya mtu.

Neno moja tena, hata kwa wenye hawatakuja. Ukiona mtoto wa sokwe amefungwa kamba kwenye parsele ya mtu, roho itakusukuma umununue kwa kumuokoa. Usinunue. Makuta yako yatamurudisha mwindaji msituni kuchukua mwingine. Peleka habari kwa ICCN. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili mwaka 2014 juu ya uhifadhi wa maumbile inakataza ile biashara, hata kama mwenye parsele ni mkubwa. Na kama ukiogopa kwenda peke yako, na mara nyingi kuko sababu ya kuogopa, njoo kwetu, tutaenda wengi.

Kwenye uzio, swali la mwisho litakuwa hili: nini kitafanya kituo hiki kikose kupokea yatima mpya? Wale wenye kuwatunza wanaweza kuwapa maziwa, dawa, na msitu mdogo wa kupanda miti. Kuzuia yatima mwingine asifike ni kazi ya wale wenye kununua na wenye kunyamaza, na hao tunaishi nao hapa mjini. Kila mmoja ataandika jibu lake, tutayasoma pamoja tukirudi, na tutaanza kuyafanya palepale Kadutu.

Mwenye kutaka kuja aandikishe jina leo, mbele ya kutoka.