Pasipoti ya Aliyeolewa Ugenini

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kifungilo)



Nimeombwa niseme juu ya mambo ya karatasi. Mimi ni mtumishi wa serikali, karatasi ndiyo kazi yangu, basi sikuweza kukataa. Wenzetu walioolewa ng'ambo huniuliza swali moja kila mara: "Nimekwisha kupata makazi ya kudumu kwa sababu ya ndoa. Pasipoti ya Tanzania ina kazi gani tena?"

Ina kazi kubwa. Kibali cha makazi hutolewa na nchi ya mume, nacho husema kwamba umeruhusiwa kukaa kwao. Pasipoti hutolewa na nchi yako, nayo husema wewe ni wa nani. Mwenye kibali, hata kikiitwa cha kudumu, angali mgeni mbele ya sheria, na mgeni huulizwa kwao ni wapi.

Chukueni Ujerumani, ambako wako wenzetu kadhaa. Mke wa Mjerumani akikaa miaka mitatu kwa kibali, na ndoa ikiwa ingali hai, aweza kupata makazi ya kudumu. Lakini sheria yao humtaka kila mgeni awe na pasipoti iliyo hai, na asipokuwa nayo kibali chaweza kufutwa. Sisemi kwamba hufutwa siku ileile. Nasema mlango huo upo katika sheria. Tena haki ya kukaa haina mwisho, lakini kadi inayoionyesha ina tarehe ya mwisho, na mara nyingi tarehe hiyo huifuata ile ya pasipoti. (Wajerumani waliokaa hapa Lushoto wakapaita Wilhelmstal hawakutuomba kibali cha aina yoyote, lakini hiyo ni habari nyingine.)

Marekani ni tofauti kidogo. Kadi ya kijani haifi kwa sababu pasipoti imekufa. Aliyeolewa chini ya miaka miwili hupewa kwanza kadi ya masharti ya miaka miwili, kisha huomba masharti yaondolewe. Baadaye hupata ya miaka kumi. Mtu aweza kukaa Chicago muda mrefu asione haja ya pasipoti, mpaka siku anapotaka kupanda ndege kuja nyumbani. Na Uingereza kadi za makazi zilikoma mwisho wa mwaka 2024. Sasa hadhi ya mtu imo katika kompyuta, imefungwa na namba ya pasipoti yake. Ukipata pasipoti mpya usiwaarifu, kompyuta inaendelea kumtafuta yule wa zamani.

Sasa nitawaeleza habari ya mwenzetu mmoja wa Ujerumani, maana ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Mtakumbuka kwamba pasipoti ya kielektroniki ilizinduliwa nchini tarehe 31 Januari 2018, ikatangazwa kwamba zile za zamani zingekoma tarehe 31 Januari 2020. Pasipoti yake ilikuwa ya zamani, na ndani yake iliandikwa mwaka 2023. Yeye alisoma kitabu, hakusikia tangazo. Kuomba mpya kunaanzia kwenye mtandao, lakini kwa alama za vidole lazima mwenyewe afike. Kutoka München kwenda ubalozini Berlin ni karibu kilometa 600, na ana watoto wawili. Akasema atakwenda likizo ya Pasaka. Machi mwaka huo huo ugonjwa wa korona ukafunga ofisi na mipaka.

Mama yake alifariki Mlalo mwaka uliofuata. Ubalozi uliweza kumpa hati ya dharura ya kumfikisha nyumbani, lakini hati ya namna hiyo ni ya kuja, si ya kurudi. Angezika, kisha angekaa huku akisubiri pasipoti mpya, na watoto kule. Alichagua watoto. Tulimzika mama yake sisi, wenzake watatu wa darasa, na mmoja wetu alishika simu juu ili aone kaburi.

Wako watakaosema: basi achukue uraia wa mumewe, yaishe. Tangu tarehe 27 Juni 2024 Ujerumani haimtaki tena mtu aukane uraia wake wa kwanza. Lakini sisi tunamtaka. Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mtu mzima akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine hupoteza wa Tanzania. Jirani zetu wa Kenya waliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya mwaka 2010. Sisi hatujafika huko. Marekebisho ya mwaka 2025 yaliyoleta hadhi maalumu kwa wenye asili ya Tanzania hayakuwarudishia uraia. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kabla ya marekebisho hayo, haikumpa asiye raia ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mwenzetu ana shamba la mapea aliloachiwa na mama yake. Kwa hiyo pasipoti kwake ilikuwa lile shamba pia.

Wasichana mnaosoma sasa, jambo moja lawahusu ninyi zaidi. Sheria hiyo hiyo ya 1995 inampa mke mgeni wa Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa ndoa. Mume mgeni wa Mtanzania haimpi. Yeye hupita njia ndefu ya wageni wote. Mimi nimeitumikia serikali kwa miaka mingi, na sioni haya kusema kwamba kifungu hicho hakitutendei haki.

Msiofika nyumbani kila mwaka, cheti cha kuzaliwa na namba ya kitambulisho cha taifa vishughulikieni mkiwa hapa, maana ndivyo vitakavyoulizwa kwanza pasipoti ikiisha. Walioandikwa jina la baba katika cheti na la mume katika pasipoti waweke na cheti cha ndoa. Baada ya chakula nitakaa bwaloni, meza ya karibu na dirisha. Mwenye pasipoti mkobani aje nayo tuitazame tarehe.