Pale pa Karanga: Wimbo wa Mapenzi Uliovuka Ziwa



Usiku mmoja wa mwaka 2002 nilipanda MV Victoria katika bandari ya Mwanza Kaskazini, naelekea Bukoba. Daraja la tatu lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Kijana mmoja akawasha redio kaseti yake, ukaanza wimbo wa Saida Karoli, Maria Salome. Mama mmoja wa Kisukuma, aliyekaa juu ya furushi lake karibu yangu, akauimba wote toka mwanzo mpaka mwisho, na Kihaya chake kikipinda kila baada ya maneno mawili. Wahaya waliokuwa pale walifurahi, wala hakuna aliyemsahihisha. Nikamuuliza, “Mama, unajua maana yake?” Akanijibu, “Mwanangu, mimi najua pale pa karanga.”

Nimelibeba jibu hilo miaka yote hii. Leo naomba nilifungue mbele yenu.

Saida Karoli ni mzaliwa wa Bukoba vijijini. Wimbo wake ulitoka mwaka 2001, wakati bongo fleva inapanda na bendi za dansi bado zina nguvu zake. Hapa Mwanza kaseti yake iliuzwa Makoroboi pamoja na sabuni na soksi. Wengi hawakulijua jina halisi la wimbo. Waliuita Chambua kama Karanga, kwa maneno yale machache ya Kiswahili yaliyomo. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ikauimba wimbo wa kabila moja. Ukiuliza sababu, utaambiwa ni ngoma zake. Sikatai. Lakini ngoma humwinua mtu kitini tu. Haimfanyi alale na neno na kuamka nalo.

Sasa lipimeni neno lenyewe, kuchambua. Karanga zikishamenywa humwagwa kwenye ungo. Mama anakaa chini, ungo mapajani, anatoa moja iliyooza, moja iliyosinyaa, kijiwe, ganda lililobaki. Kazi hiyo haina mashine wala haraka. Kila punje inapita kidoleni. Kumfananisha mpenzi na karanga inayochambuliwa, kwa masikio yangu, ni kusema kwamba kuna mtu aliyekaa chini akakuangalia wewe, punje moja, kwa muda unaostahili. Sijui sifa ya mapenzi inayozidi hiyo.

Na kwa msikilizaji wa Mwanza neno hilo lilikuwa na mzizi mwingine. Sisi ni watoto wa pamba. Mashine inayotenganisha nyuzi na mbegu iko katika kiwanda cha kuchambua pamba. Hatuna jina lingine. Kabla pamba haijafika huko, mikono ya nyumbani imeshaitenga, safi huku, fifi kule, kwa sababu bei zake ni mbili. Ushirika wa wakulima wa pamba aliouongoza Paul Bomani, uliokuja kuwa Victoria Federation mwaka 1955, ulisimama juu ya mikono hiyo. Kwa hiyo mama yule wa melini aliposikia “chambua”, vidole vyake vilielewa kabla ya masikio.

Kisa kama cha mama yule kimewahi kutokea kwingine. Wamarekani wana muziki wanaouita kantri, maana yake ni muziki wa shamba. Mwaka 1927, katika mji wao wa Bristol, mtayarishaji wa muziki Ralph Peer aliwarekodi familia ya Carter na Jimmie Rodgers, mfanyakazi wa reli. Santuri za Rodgers zilisafiri mpaka kwa Wakipsigis, huko Kenya, katika nyanda za juu mashariki ya Ziwa letu. Hawakujua Kiingereza. Jina lake likageuka Chemirocha, naye akawa kiumbe nusu mtu nusu paa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliurekodi wimbo wao juu yake mwaka 1950. Wasomi wengi husimulia kisa hiki kama kichekesho cha watu wasioelewa. Mimi nakiona kama heshima: msikilizaji aliyenyimwa maneno alitengeneza picha kwa vitu vya kwao. Mama wa melini alifanya hivyohivyo, ila yeye alipewa neno moja la kushikia.

Ndiyo maana nasema shamba la wimbo haliko kwenye gitaa wala kofia ya mwimbaji. Liko pale mapenzi yanapotamkwa kwa lugha ya kazi. Wasukuma wanalijua hili. Kwenye ngoma yao ya bugobogobo jembe ndilo linalocheza, na kijana anayelitupa juu na kulidaka anajionyesha kuwa mlimaji.

Kinachonihuzunisha ni safari ya neno kuchambua mtaani. Leo ukisoma gazetini kwamba fulani “amchambua kama karanga” mwenzake, jua mtu amevuliwa nguo hadharani. Upole umetoka, ganda peke yake limebaki. Hata sisi tunaojiita wachambuzi wa fasihi tumo katika kosa hilo. Tunavunja shairi haraka, tunahesabu mizani, tunaondoka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walipotoa Salome, wakiujenga juu ya wimbo huu wa Saida, wanafunzi wangu waliujadili wiki nzima: nani anamiliki nini, nani kalipwa. Maswali ya haki kabisa. Ila hakuna hata mmoja aliyeuliza beti za Kihaya zinasema nini.

Niliuliza mimi, asubuhi ile tuliposhuka Bukoba. Bibi wa mwenyeji wangu alikuwa amekaa kibarazani na ungo wa maharage. Nilimwomba anitafsirie wimbo wote, kalamu ikiwa tayari mkononi. Akaniangalia, akasogea, akanionyesha mahali pa kukaa.

“Weka hiyo kalamu chini,” akasema. “Chambua huku nikikwambia.”

Tulipomaliza ungo, tulikuwa tumefika ubeti wa pili.