DSIP: Peptidi ya Usingizi Inayotafutiwa Jeni



Mwaka 1913 nchini Ufaransa, Henri Piéron alieleza jinsi yeye na mwenzake Legendre walivyowakesha mbwa kwa siku kadhaa, wakawavuta maji ya uti wa mgongo na kuwadunga mbwa wengine waliokwisha kulala vya kutosha. Mbwa hao wa pili nao wakashikwa na usingizi. Kuniomi Ishimori wa Japani alikwisha kupata matokeo ya namna hiyo miaka michache kabla. Hivyo wazo kwamba mwili wenyewe hutengeneza kitu kinacholeta usingizi ni la zamani, na lina msingi. Kilichosumbua watafiti ni kukipata kitu chenyewe.

Leo nazungumzia peptidi moja iliyodhaniwa kuwa ndiyo jibu: peptidi ya usingizi wa delta, ambayo wataalamu huiita DSIP. Hoja yangu ni kwamba baada ya karibu nusu karne ya utafiti bado haijathibitishwa kuwa inadhibiti usingizi wa binadamu, na kwa sababu hiyo haistahili kudungwa kwa mgonjwa yeyote nje ya utafiti ulioidhinishwa.

Sungura wa Basel

Kazi ya kuitafuta DSIP ilifanyika Basel, Uswisi, chini ya Marcel Monnier na baadaye Guido Schoenenberger. Naomba tuitazame kwa karibu, maana ni kazi ya mikono iliyofanywa kwa uvumilivu mkubwa. Elektrodi ilipenyezwa hadi kwenye thalamasi ya sungura, ukapitishwa umeme hafifu, sungura akalala. Damu iliyokuwa ikitoka kwenye ubongo wake kwa njia ya vena ilipitishwa kwenye utando wa dayalisisi, kwa kanuni ile ile inayosafisha damu ya wagonjwa wa figo. Molekuli kubwa zilizuiliwa, ndogo zikapita. Maji yaliyopita akapewa sungura mwingine aliyekuwa macho, na kipimo cha umeme wa ubongo kikaonyesha mawimbi ya delta yakiongezeka: mawimbi makubwa ya polepole, yasiyozidi manne kwa sekunde, ambayo ndiyo alama ya usingizi mzito.

Kutoka kwenye maji hayo walichuja, wakachuja tena, hadi mwaka 1977 walipotangaza muundo kamili: asidi amino tisa tu, zikianza na triptofani na kuishia na asidi glutamiki. Waliiunga upya maabarani, na ile ya kuungwa nayo ikaongeza mawimbi ya delta kwa sungura. Kwa wakati ule matumaini yalikuwa halali kabisa.

Kilichokosekana

Peptidi nyingi zinazobeba ujumbe mwilini huanza maisha zikiwa sehemu ya protini ndefu, ambayo imeandikwa kwenye jeni. Vimeng'enya huikata protini hiyo, na kipande kinachotoka ndicho kinachofanya kazi. Insulini hutengenezwa hivyo. Kwa DSIP, protini mama haijapatikana, na jeni inayobeba mfuatano wake haijajulikana hata baada ya jenomu ya binadamu kusomwa. Kipokezi chake nacho hakijulikani. Mtu anaweza kuuliza: mbona glutathioni ni peptidi na haina jeni inayoiandika moja kwa moja? Ni kweli, lakini vimeng'enya vinavyoiunga glutathioni vimetambuliwa kimoja kimoja. Vya DSIP havipo kwenye orodha yoyote.

Wapo wanaojibu kwamba imepimwa kwenye damu na hata kwenye maziwa ya mama. Vipimo hivyo vilitegemea kingamwili, na kingamwili inaweza kushika molekuli nyingine inayofanana na ile inayotafutwa. Kwa hiyo tunachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba kuna kitu kinachofanana na DSIP. Isitoshe, ikiwa ndani ya damu huvunjwavunjwa kwa muda wa dakika chache tu, na majaribio ya wanyama yaliyofuata Basel yalitoa majibu yanayopingana. Mwaka 2006 Kovalzon na Strekalova waliandika mapitio ya utafiti wote na kuiita kitendawili ambacho hakijateguliwa.

Linganisheni na oreksini, peptidi ya ubongo inayotuweka macho. Ilitangazwa mwaka 1998 na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake, ikiwa na jeni yake na vipokezi viwili. Mwaka uliofuata, kundi la Emmanuel Mignot pale Stanford lilionyesha kwamba mbwa aina ya Doberman wenye narkolepsi, ugonjwa wa kushikwa na usingizi ghafla, wana hitilafu kwenye kipokezi kimojawapo. Mbwa hao wakiletewa chakula kitamu, furaha inawalegeza miguu na wanaanguka chini huku wakiwa macho. Mwaka 2000 ikaonekana kwamba wagonjwa wengi wa narkolepsi wamepoteza karibu seli zao zote zinazotoa oreksini. Mwaka 2014 Marekani ikaidhinisha suvorexant, dawa ya kukosa usingizi inayoziba vipokezi hivyo. Ushahidi wa oreksini umefungamana kuanzia jeni hadi kidonge. Na kilichowezesha yote ni uwezo wa kuuliza: ikikosekana, nini kinaharibika? Swali hilo haliwezi kuulizwa kwa DSIP, kwa kuwa hakuna jeni ya kuzima.

Kwa wagonjwa

Katika miaka ya 1980 DSIP ilijaribiwa kwa watu wenye tatizo sugu la kukosa usingizi, kwa kuipitisha kwenye mshipa, na baadhi ya ripoti zilileta moyo. Jaribio lililochapishwa mwaka 1992, ambalo mgonjwa na mtafiti wote hawakujua nani anapewa dawa na nani anapewa kitu kisicho na dawa, lilikuta nafuu ndogo, na waandishi wakahitimisha kwamba tiba hiyo ya muda mfupi haielekei kuwa na faida kubwa.

Hata hivyo leo DSIP inauzwa mtandaoni, unga mweupe kwenye kichupa, lebo ikisema ni ya utafiti tu, na watu wanajidunga wenyewe. Jambo hili linanisikitisha sana. Mtu aliyekesha wiki nzima yuko tayari kuamini chochote, na hana njia ya kujua kama kichupa kina kile kilichoandikwa, kwa kiasi gani, na kama hakina vijidudu.

Kwa hiyo napendekeza tukubaliane juu ya utaratibu huu. Mgonjwa anayelalamika kukosa usingizi aulizwe kwanza kuhusu zamu za kazi, kahawa na chai ya jioni, kukoroma, huzuni, na dawa anazotumia. Kama tatizo ni sugu, apatiwe tiba ya kubadili mazoea na fikra kuhusu usingizi, ambayo miongozo mingi huitanguliza kabla ya vidonge. Na akisema amejidunga peptidi, asikaripiwe. Aombwe alete kichupa, tuandike jina la muuzaji, kipimo na tarehe ya kila sindano, tumkague sehemu alizochoma, kisha taarifa ipelekwe kwa mamlaka ya dawa siku hiyo hiyo.