Visima Vilivyofukiwa

Maandiko: Mwanzo 26:12-22; Luka 19:1-10



Mwanzo sura ya 26 inatuonyesha jambo la kushangaza. Wafilisti walimwonea Isaka wivu, wakavifukia kwa udongo visima ambavyo watumishi wa Ibrahimu walivichimba. Tufikiri kidogo. Hawakuviteka ili wanywe wao. Walivifukia. Katika nchi kavu walijinyima maji wao wenyewe, mifugo yao na watoto wao.

Sisi pia tulikuwa na kisima. Reli ya Kindu mpaka Kongolo, kilomita 355, ilijengwa kabla ya vita ya 1914, kwa sababu maporomoko ya Lualaba yalizuia mashua. Mababu zetu waliijenga kwa jasho, na wengine waliacha maisha yao pale. Mtu wa Kasongo alishuka mpaka Kasongo-Rive, akavuka mto, akafika Samba na mchele wake na bidoni za mawese, akangoja treni. Chumvi na sabuni vikarudi kwa njia ileile. Vita ya 1998 ikasimamisha yote. Mwaka 2004 treni ilifika tena Kindu, lakini haikurudi kama zamani.

Katika njia ile kuna gare moja ndogo. Hatutaitaja jina, na mtaelewa sababu. Tulifika huko kwa kazi ya Injili. Treni haisimami tena pale. Mti umeota ukutani, dirisha la tiketi limebaki tundu, mbuzi wanalala mahali pa kungojea. Nusu ya paa haipo. Tukamkuta baba mmoja mzee, mfanyakazi wa zamani wa pale, anafagia. Mshahara hakuuona tangu zamani.

Tukamwuliza, "Baba, unamfagilia nani?"

Akajibu, "Treni ikisimama, watu watashukia wapi? Majanini?"

Tukasema, "Vita imeharibu sana."

Akatikisa kichwa. "Hapana, pasta. Vita ilipita, paa likabaki. Watu ndio waliong'oa manjanja, usiku, moja moja. Yakauzwa upande wenu wa Kasongo."

Wapendwa, tulinyamaza. Maana tulipojenga kanisa letu tulinunua manjanja 22, mazito, ya zamani, kwa bei ndogo, kwa mtu aliyekuja jioni. Hatukuuliza yametoka wapi. Jumapili tulisimama madhabahuni tukashuhudia kwamba ni muujiza.

Tuliporudi tukakutana na wazee wa kanisa. Mmoja akasema gare ile imetupwa, haina mwenyewe. Mwingine akasema tukiyatoa, mvua itawanyeshea wamama, maana yako upande wao. Mvua ilikuwa kweli. Lakini habari ya kutokuwa na mwenyewe, tulimfikiria yule baba na ufagio wake, tukaona mwenyewe yupo. Na Zakayo hakungoja mtu amdai. Yesu alipoingia nyumbani mwake, yeye mwenyewe alisimama akataja hesabu.

Tuliyatoa. Vijana waliyafunga kwenye baiskeli, wakavuka Lualaba nayo. Yule baba hakutusifu. Aliyahesabu, akaandika katika daftari lake, akatupa karatasi ya kupokea. Kisha akaomba misumari.

Treni bado haijasimama pale. Lakini siku ya soko wamama wanajikinga mvua chini ya paa lile. Kwetu upande wa wamama umeezekwa kwa nyasi, nao wamekubali, ingawa wengine walilia.

Ninyi wa Kabambare mtasema, reli haikufika kwetu. Ni kweli. Lakini mbao za daraja zilizogeuka kuni zilikuwa kisima. Dawa ya kituo cha afya inayouzwa sokoni ilikuwa kisima. Benchi la shule lililo sebuleni kwako ni kisima. Usiseme ni vita tu. Vita ilifanya ubaya wake, na Mungu atauhukumu. Lakini udongo mwingine ni mikono yetu iliyouleta.

Isaka hakukaa kuwalaani Wafilisti. Alivichimba upya visima vya baba yake, akaviita kwa majina yaleyale. Walipomgombania kisima, alichimba kingine, mpaka Rehobothi, mahali pa nafasi.

Wiki hii, ndugu, dada, zunguka nyumba yako. Kitu gani hukuuliza kilikotoka? Kirudishe. Ukiona haya kwenda peke yako, mwombe mzee wa kanisa akusindikize. Kama mwenye kitu amekufa, watafute watoto wake.

Tuombe. Bwana Yesu, ulimwita Zakayo ashuke mtini. Utushushe na sisi. Utupe nguvu ya kurudisha, na usituache tukiita muujiza kile kilichoibwa. Uwakumbuke wote wanaofagia mahali palipoachwa. Katika jina la Yesu, amina.